Kofia Niliyoiona Kwenye Simu

Kina Bi, kina dada, assalamu alaykum. Mnivumilie sauti ikikatika. Nimeombwa nichangie swali lenu la leo, anayesambaza video za mashambulizi ashtakiwe au asishtakiwe. Mimi si wakili. Nitaeleza yaliyonifika, nanyi mtahukumu wenyewe. Mwenye msiba ameniruhusu niyaseme, ila jina lake halitajwi.

Mwajua kazi yangu ni kushona kofia za viua, zile za nakshi ya sindano. Mamangu alinifunza kuwa mshonaji huwa na ua moja asiloliuza hata abembelezwe vipi. Hilo ni la mumewe. La kwangu lina majani yaliyoinama upande mmoja. Mume wangu ni fundi wa mawe, na siku zile alikuwa akijenga huko bara.

Asubuhi moja niko nyumbani Wiyoni, napepeta mchele, simu ikalia. Ni kundi letu la harusi, lile la kupangiana sare. Nikadhani ni picha za leso. Lahaula! Ni gari limeshambuliwa ndiani, njia ya kuja huku kwetu, watu wamelala mchangani, na mwenye kupiga picha anawapitia mmoja mmoja huku anahema. Mmoja kalala kifudifudi. Uso hauonekani. Kofia yaonekana, na ua langu juu yake.

Ndugu zangu, nawaambia, ungo ulinitoka mikononi. Nikampigia mume wangu, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikatoka nje bila buibui, napiga mayowe kama niliyeungua.

Nyumba ikajaa. Mabusati yakatandikwa, mashangazi wakaanza kunong'ona habari za eda. Na kila aliyeingia alikuwa keshaiona. Kuna aliyenishikia simu usoni ati nitazame tena nihakikishe! Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Aliyenikamata mkono muda wote ule ni mke wa fundi mwenzake mume wangu. Mumewe naye alikuwa huko huko bara, lakini yeye alijua hasafiri wiki ile. Akanifuta machozi kwa leso yake. "Subiri, dadangu," akaniambia. "Video nimeitazama vizuri, hata jamaa zangu wa Siyu nimewatumia wamuombee mumeo dua."

Alasiri simu yangu ikalia, namba siijui. Nikapokea. Mume wangu!

"Mimi ni mzima," akasema. "Simu yangu imeharibika, hii ni ya kuazima. Mnalia nini huko? Sikusafiri mimi. Aliyesafiri ni mwenzangu, kapata gari ghafla, akataka awashtukize nyumbani kwake. Nikamwazima kofia yangu aje aswalie Ijumaa."

Furaha yangu haikumaliza hata pumzi moja. Yule dada bado kanishika mkono, anacheka na kulia kwa ajili yangu. "Ni yeye? Ni mzima? Alhamdulillahi!" Nikamtazama. Alikuwa amemtazama mumewe kwenye video ile, akamtazama tena, asimjue. Sikuweza kumwambia. Shangazi yangu ndiye aliyenipokonya simu akasikiliza, kisha akamwita yule dada chumbani kumpa habari.

Mume wangu alirudi, lakini mimi sikuwa mtu tena. Sindano haishikiki. Simu ya jirani ikilia, natapika. Mwanamume wa watu akitaka kwenda sokoni namng'ang'ania kanzu mlangoni, hadi kazi ikampita. Na yule dada nikamkwepa. Nikimwona uchochoro huu, nakata ule. Niliogopa macho yake kuliko nilivyoogopa wenye bunduki.

Eda yake ilipokwisha, akaja mwenyewe. Hodi, hodi, na kofia mkononi, imefuliwa, imepigwa pasi. Nikarudi nyuma hadi ukutani.

"Chukua, dadangu," akasema. "Ilikuwa amana. Sitaki alale na kitu cha mtu shingoni mwake."

Akaniwekea mikononi. Tukalia hata tukachoka. Kisha akasema, "Mimi kofia siiogopi. Naogopa simu. Nimemtuma mume wangu mwenyewe kwa watu vile alivyolala, nao wametuma kwa wengine, na siwezi kumrudisha. Binti yangu ameanza kuuliza atanunuliwa simu lini."

Tangu siku ile tukawa twaenda pamoja hospitali kwa mama wa ushauri nasaha. Namshukuru mama huyo, namshukuru shangazi yangu, na mume wangu kwa subira yake. Lakini aliyeniinua ni yeye, aliyefiwa. Sasa nashona. Hofu ningali nayo, nisiwadanganye.

Basi, iwe jinai? Aliyewapitia watu wale akipiga picha badala ya kuwafunika, na hao wanaozitia muziki na kuzisambaza ili kututisha, washtakiwe, sina huruma nao. Lakini mkisema kila aliyetuma, wa kwanza kutiwa pingu ni yule mjane, na sijui humu ndani tutabaki wangapi. Naogopa kukosa sheria, na sheria hiyo pia naiogopa. Ninachokijua ni kuwa kwetu maiti huoshwa chini ya shuka, na muosha akiona kitu mwilini, hafungui mdomo wake hata kwa mkewe. Sitara hiyo haikungoja serikali ituamrishe.

Binti yule bado hana simu. Siku akipata, mtu atamtumia babake, na huenda mtu huyo ni mmoja wetu, hata bila kukusudia. Kina Bi, zitoeni simu zenu. Ile video mnayo. Ifuteni sasa hivi, nami nitasimama papa hapa hadi mmalize.