Uyoga Uliochanwa

Bajaji kutoka Ndandalo ilikuwa haijamaliza hata mashamba ya mpunga, na tayari Mwasiti, mchuuzi wa mboga wa Mbugani, alikuwa amesahau simu yake mkononi. Pembeni yake kulikuwa na kesi.

"Kwenye msitu wa kijiji tumeruhusu uyoga wa kula nyumbani tu," alisema mzee wa kamati ya misitu. "Ndoo nzima hiyo, mama, ni ya sokoni."

Felista, mwenye ndoo, hakubisha. Alifunua kitenge. Uyoga wote ulikuwa umechanwachanwa, tayari kwa sufuria.

"Sasa huu nitamuuzia nani, baba? Nani atanunua uyoga bila kuona kofia wala mguu wake, ajue kama una sumu au hauna?"

Mzee akamgeukia Mwasiti kama mtu aliyeona refa. "Wewe mama wa sokoni, ungenunua?"

Mwasiti, ambaye tangu apande alikuwa anapanga kimoyomoyo bei ya kuununua uyoga huo, alichungulia ndoo. "Uliochanwa? Hata bure sipokei."

"Ndaga fijo, dada yangu! Asante sana!" Felista alipiga makofi mpaka ndoo ikayumba.

"Lakini ndoo nzima!" Mzee alikuwa bado hajashindwa. "Mnakula wangapi?"

"Leo nina wakwe."

"Kanuni haikutaja wakwe!"

Bajaji ikasimama Bondeni. Felista akajitwisha ndoo yake, shingo imenyooka kama amebeba kombe la ligi.

"Njoo ule nao, baba. Ukiwaona wanavyokula, utaniruhusu ndoo ya pili."