Nilisema Ni Umri Tu, Kumbe Ni Sukari

Sabato njema, wapendwa. Nimeomba wanaume wasitoke nje leo, ingawa ushuhuda wangu ni wa mambo ya kina mama, na nashukuru mzee wa kanisa amekubali. Nimehakikisha kwanza kwamba wakwe zangu hawapo, maana sisi Abagusii tuna chinsoni yetu, ile heshima ya kutotamka maneno fulani mbele ya watu fulani. Lakini kunyamaza kulikaribia kuniua, ndugu zangu, kwa hiyo nivumilieni.

Mnanijua. Nachuma majani chai hapa hapa Sironga, nimezaa watoto watano, na nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Nilipofika miaka arobaini na nane, damu yangu ya mwezi ikaanza kunichezea. Inakuja mara mbili, halafu inapotea miezi mitatu. Kisha likaja joto.

Sijui niwaelezeje hilo joto. Ni Julai, mvua imenyesha, kila mtu amevaa sweta, na mimi nahisi kama kuna jiko limewashwa ndani ya kifua changu. Jasho linashuka kutoka kwenye nywele mpaka mgongoni. Sabato moja nilitoka katikati ya wimbo, nikaenda kuegemeza shavu kwenye mawe ya ukuta huko nje, yale yana baridi. Mama mmoja akanifuata. Sitamtaja, anajijua.

Akaniuliza, "Una mimba?"

Nikacheka naye. Nyumbani nikalia.

Nikaacha kwaya. Hasira nazo zikawa karibu. Siku moja mzee wangu, baba watoto, aliniuliza tu chumvi iko wapi, nikamrushia mwiko. Amekaa pale nyuma. Mzee, pole tena.

Wifi yangu akaniambia, "Umeanza kuwa omong'ina, mama mzee. Ni umri tu. Sisi wote tunapitia hapo, na hakuna aliyekufa."

Nikaamini, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Tumbo likakua mpaka sketi zikakataa kufunga. Nikasema ni umri. Kiu ikaja, nabeba jagi la maji shambani na saa nne limeisha. Umri. Kila mara najificha kati ya michai kukojoa, macho yanaona ukungu, miguu inakufa ganzi. Ni umri tu. Na nikiishiwa nguvu, dawa yangu ilikuwa chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, kisha cha nne.

Ndugu zangu, nawaambia, ukigombana na mume unaweza kurudi kwenu ukapumzike. Ukigombana na mwili wako utakimbilia wapi? Mimi nilijaribu. Nilienda kwa mama yangu, kule Birongo, nikakaa siku nne, na lile joto likanifuata huko. Siku ya tatu tukiwa tunamenya ndizi, nikamuuliza yeye ilikuwaje wakati wake.

Hakuinua macho. Akasema, "Mambo hayo hayaulizwi."

Nikarudi nilikotoka. Nilikuwa napika, nachuma chai, nakaa. Nilikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani na hata hawezi kubisha mlango, kwa sababu wakifungua watamuuliza una nini, naye hana jina la kile alicho nacho.

Sasa tulikuwa tumekata chai, tumepogoa mashina ili yachipue upya. Mnajua shina la chai likikatwa linavyobaki na ncha. Nikakanyaga moja nikiwa na kandambili, likapenya karibu na kidole cha mwisho cha mguu. Nikashangaa kwamba halikuniuma sana. Nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Wiki mbili zikapita.

Binti yangu, anayefundisha shule kule Nyansiongo, akaja kututembelea. Aliingia jikoni akasimama.

"Mama, ni nini kinanuka?"

"Labda panya amekufa."

Akafuata ile harufu mpaka kwenye mguu wangu. Akafungua kitambaa, kisha akamwita baba yake kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Hospitalini nesi, mwanamke wa rika langu, alinidunga kidole akatazama kimashine chake. Akanidunga kingine. Akaniuliza kiu ilianza lini. Nikamjibu, "Hiyo ni umri tu, sista."

"Nani alikuambia?"

Akavuta kiti, akakaa, akasema pole pole: "Mama, una mambo mawili. Hilo joto na damu kupotea si ugonjwa, ni mwili unabadilika, na likikuzidi tunaweza kukusaidia. Lakini mwili ukibadilika hivyo, mafuta yanahamia tumboni na sukari inapata nafasi ya kupanda. Yako imepanda. Huo ni ugonjwa, na umeuficha nyuma ya umri."

Kile kidole hakikuokoka. Walikikata ili mguu ubaki.

Siku ya pili mzee wangu alikuja wodini. Nesi alikuwa amemweleza yote, hata yale ya kina mama. Alikaa akizungusha kofia mikononi, kisha akasema, "Mimi nilidhani umenichoka."

Nikamwambia, "Mimi nilidhani nimekufa, ni vile tu sijazikwa."

Tulilia mbele ya wagonjwa wote. Kwa mara ya kwanza, wapendwa, kulikuwa na mtu mwingine ndani ya kile chumba nilichofungiwa, pamoja nami.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa rahisi. Chai bila sukari niliitema mwezi mzima. Sasa nakula ugali wa wimbi, kipande kidogo, na mboga zetu za kienyeji, chinsaga na managu, kwa wingi. Nameza tembe zangu, natembea mpaka mtoni na kurudi. Sukari imeshuka. Joto bado linakuja, hata sasa nikiongea limekuja, lakini halinitishi. Namshukuru Mungu. Namshukuru binti yangu kwa pua yake, na yule nesi aliyevuta kiti. Na namshukuru mzee, ambaye kila asubuhi hupiga magoti kukagua nyayo zangu, kidole kimoja kimoja, vile vilivyobaki.

Kina mama, kukoma hedhi si aibu, lakini msilifanye jambo hilo kapu la kutupia kila maumivu. Ukiwa na kiu isiyoisha, kapimwe. Nanyi wanaume, mama akibadilika, muulizeni kabla ya kukasirika.

Jumatatu nina kliniki. Saa mbili asubuhi nitakuwa hapo barabarani nikingoja gari. Kama kuna mama anaogopa kwenda peke yake, aje tu asimame karibu nami. Sitamuuliza kitu. Tutaenda pamoja.