Théophile Kitungano, Mpimaji wa Gesi

Wazee wetu, mama zetu, padri, nanyi wakwe zetu mliotembea kutoka Wamaza, mimi André, kaka yake, nimetumwa na ukoo niwasomee maisha ya Théophile Kitungano, na nitayasoma yote, hata penye manung'uniko.

Alizaliwa hapa Kasongo tarehe 12 Machi 1928, mtoto wa tatu wa mama yetu Mathilde, akasoma shule ya misheni tangu 1936 hadi 1943, mbishi kwa walimu lakini wa kwanza katika hesabu, kisha akafundisha Kabambare, na tarehe 6 Oktoba 1951 akamwoa Régina wa Wamaza, wakajaliwa Sidonie na Emile. Mwaka 1954 aliajiriwa katika maabara ya fizikia mjini Léopoldville.

Kazi yake, ambayo wengi mmeisema bila kuijua, ilikuwa hii: gesi ya azoti, iliyo nyingi katika hewa tunayovuta, ilipitishwa kwenye bomba la kioo na kupigwa umeme mpaka ikapasuka kuwa atomu zenye njaa ya kushika chochote, zikawaka rangi ya manjano, ndipo yeye akafungulia polepole gesi ya pili iliyozimeza atomu hizo, na mwanga ulipozimika kabisa, kiasi cha gesi ile ya pili kilimwonyesha atomu zilikuwa ngapi. Mara ya kwanza mwanga ulipozimika alidhani ameharibu chombo, akafunga gesi haraka, wenzake wakamcheka.

Alipotusimulia hayo mwezi uliopita, akiwa likizo, wengine mlisema anayezima mwanga kila siku naye atazimwa, na alipougua mkasema gesi imemla, hata Pacifique, mdogo wetu wa mwisho, aliyekwisha kupata nafasi katika maabara ileile, akakatazwa kusafiri. Ndugu zangu, inaniuma. Daktari amesema wazi kwamba ni homa ya matumbo, na ilitoka katika maji ya kisima chetu wenyewe. Régina alimuuguza bila kuchoka mpaka alipofariki hospitalini, tarehe 9 Agosti 1959.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliotuchemshia maji, na wenzake wa kazi waliotuma simu ya rambirambi.

Jana ukoo ulikaa, na mama, ambaye ndiye aliyekataza, alisema mbele yetu sote: "Mumuache mutoto aende, njia ya ndugu yake isiote majani." Pacifique anaondoka Jumatatu kwa lori la Kindu. Théophile, mdogo wangu, pumzika kwa amani, kazi yako imepata mtu.