Risala ya Wakazi wa Safu ya Nyuma Kuhusu Mifuniko Iliyo Chini ya Vitofali

Mgeni rasmi, mheshimiwa mkuu wa kazi za barabara, viongozi mliofuatana naye, mwenyekiti wetu, akina baba, akina mama, na watoto mlioahidi kunyamaza mpaka nimalize: amani ya Mungu iwe nanyi.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kushuka garini na kutembea kutoka barabara kuu mpaka hapa. Tulitaka uikanyage njia hii mpya ya vitofali kwa miguu yako. Mvua zilizopita, hapo ulipopita tulikuwa tunavuka kwa kurukia mawe, viatu tumeshika mkononi. Leo Mama Mapacha anasukuma kigari cha wanawe mpaka dukani bila kukwama, na jirani yetu anayependa kupendeza, ambaye sote tunamwita Bwana Harusi, ametoa kabatini viatu vyake vyeupe. Unamwona pale, kakunja mguu ili vionekane.

Tunasema asante. Tafadhali ulishike neno hilo, maana mbele kuna maneno mengine, na hatupendi yalifute.

HISTORIA FUPI

Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha magunia. Kiwanda kilifungwa, nyumba zikabaki na sisi. Bomba kubwa la maji taka la mji halijatufikia. Vyoo, mabafu na masinki yetu yote yanateremkia kwenye karo moja, lililo chini ya njia hii mpya.

Karo hilo lina vyumba viwili. Cha kwanza kinashika uchafu mzito, unatulia chini. Cha pili kinapokea maji yaliyochujika na kuyapeleka kwenye shimo la mawe, ardhi ikayanywa. Kila chumba kina mfuniko wake wa zege, uliofunikwa na udongo kidogo. Mwashi aliyelijenga alikuwa mume wangu, Mungu amlaze pema. Alipenda kuwaambia majirani kwamba karo ni tumbo letu sote, kwa hiyo kila mmoja aangalie analolisha.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, karo hili limetutumikia miaka mingi kwa sababu tumelitunza. Hatujivuni, tunaeleza tu.

Kwanza, chooni haiendi nepi, wala kitambaa, wala pamba, wala kitu chochote kisichotoka mwilini, isipokuwa karatasi laini. Mafuta yaliyokaangiwa hayamwagwi kwenye sinki, kwa sababu yakipoa yanaganda na kuziba bomba. Maji ya mvua ya kwenye mapaa tumeyachimbia mfereji wake, yasije yakajaza karo bure. Miti hatupandi karibu nalo, maana mizizi inatafuta maji na inapasua kuta.

Dawa kali za kusafishia tunazitumia kidogo sana. Hili tulijifunza kwa Bwana Harusi, aliyewahi kumimina madumu ya dawa chooni kwake ili pawe na harufu ya hoteli. Ndani ya karo kuna vijidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu. Dawa ikaviua, uchafu ukakosa wa kuula, na Safu nzima ikanuka mpaka vikazaliwa vingine. Akina mama walimwambia amealika watu karamuni halafu akawawekea sumu. Amesamehewa, ila hajasahauliwa.

Pili, tuna fimbo ya kupimia. Ni mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe, na mume wangu aliupigilia msumari mmoja. Tunafunua mfuniko, tunaizamisha mpaka chini, tunaitoa. Tope zito likifika kwenye msumari, tunaita gari la kunyonya maji taka bila kungoja karo lijae. Tangu mume wangu afariki, fimbo hiyo naitunza mimi.

Tatu, hakuna anayeingia ndani ya karo, kwa sababu yoyote ile. Hewa yake inaua mtu kabla hajapiga kelele. Hata pete ya ndoa ya Shangazi wa Kona ilipotumbukia, tulimfariji, tukafunika, basi.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, fimbo hiyo sasa imesimama nyuma ya mlango wangu, haina pa kuzama. Mifuniko yote miwili imefunikwa na vitofali.

Hatumlaumu msimamizi wa kazi, na tumefurahi kwamba yupo hapa. Aliuliza. Aliwakusanya watu akawauliza kama chini ya njia kuna kitu. Wakati huo mimi nilikuwa safarini, namuuguza binti yangu aliyejifungua. Waliobaki walitazamana. Kila mmoja aliona haya kutaja mambo ya choo mbele ya wataalamu waliovaa vizuri, na kila mmoja akadhani mwenzake atakwenda kumnong'oneza baadaye. Hakuna aliyenong'ona. Niliporudi, kazi ilikuwa imekwisha na inang'aa.

Nilimwendea msimamizi na fimbo yangu mkononi. Alisikitika kweli. Akaniambia, "Mama, mpaka mgeni rasmi apokee kazi, hata kitofali kimoja siruhusiwi kung'oa." Tukasema sawa, mgeni yu karibu. Ugeni ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Tunaelewa kwamba kazi zako ni nyingi.

Huku nyuma tukapunguza maji. Maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo tunayabeba kwa ndoo kwenda kumwagilia bustani. Watoto wanaogeshwa kwa ndugu zao wa mtaa wa pili, mpaka hao ndugu wameanza kufunga mageti mapema. Lakini choo, mheshimiwa, hakina ndugu wa kukipeleka.

Karo likijaa, maji hayapandi. Yanarudi mahali palipo chini kuliko pote, na hapo ni chumba cha mwisho, anapoishi bibi yetu ambaye miguu yake imeacha kufanya kazi. Si mzazi wa yeyote kati yetu, ila sote tunamwita Bibi.

Risala hii ilipopitishwa mara ya kwanza, sehemu hii haikuwemo. Mwenyekiti aliiondoa kwa nia njema. Alituuliza tangu lini mgeni akaonyeshwa choo kabla hajapewa maji ya kunywa, tukacheka, tukakubali.

Juzi, tulipokuwa tunapanga viti hivi mlivyokalia, tulisikia Bibi akigonga ukuta kwa kikombe. Maji yalikuwa yametoka kwenye tundu la bafu, yamepita chini ya mlango wa chumbani, yamefika kwenye miguu ya kitanda. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa karibu. Alikunja suruali, akambeba Bibi mgongoni, akamleta kwangu. Kisha akarudi akapiga deki mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Alipomaliza alikuja kusimama mlangoni pangu akasema, "Someni yote."

Tangu hapo Bibi analala kwangu, kwenye kitanda changu, nami chini. Hanung'uniki. Jana baada ya sala nilimwuliza anataka nikuambie nini. Akafikiri, akasema, "Mwanangu, kwako ni pazuri. Lakini nataka kulala kwangu, pakavu."

MAOMBI

Mheshimiwa, hatuombi vitofali viondolewe. Tunavipenda. Tunaomba vile tu vilivyo juu ya mifuniko miwili ving'olewe leo, na mahali pake pawekwe mifuniko inayoinuka na kufunga vizuri, watoto wasije wakatumbukia. Tunaomba bomba refu la hewa la karo, lililodhaniwa halina kazi likakatwa ili njia ipendeze, lirudishwe. Tunaomba pia kibao cha kukataza malori, kwa sababu zege la juu ya karo lilipimwa kwa ajili ya watu na vigari vya watoto.

Mahali penyewe hapatafutwi. Mume wangu alipima kutoka kwenye kizingiti changu, na bado nakumbuka. Tumepachora kwa chaki. Meza hii yenye maua, mbele yako, tuliiweka juu ya chaki hiyo makusudi ili gari lolote lisisimame hapo.

Gari la kunyonya liko barabara kuu, ulilipita ulipokuwa unakuja. Dereva amezima injini, anasubiri neno lako tu. Msimamizi naye anasubiri hilohilo.

HITIMISHO

Mheshimiwa, kwenye sinia kuna mkasi wa utepe. Na pale ukutani tumeegemeza mtaimbo. Tumeuosha, tukaufunga kitambaa safi mahali pa kushikia, usikuchafue mikono. Mkasi ukianza au mtaimbo ukianza, ni hiari yako. Sisi meza tutaiondoa wenyewe.

Mungu akuzidishie afya wewe na wote wa nyumbani kwako, akuongoze katika kazi zako, na akujalie siku zote kulala pakavu.

Ni sisi,
Wakazi wa Safu ya Nyuma, pamoja na Bibi wa chumba cha mwisho, anayetusikiliza dirishani kwangu.