Sauti Yake Yenyewe

Benchi la Badru lilikuwa kando ya soko la Kibuye, mahali pa kunywa kahawa kidogo na kusikia uongo mwingi. Jumamosi hiyo ya mwaka 1975, redio ya duka la jirani ilipiga "Peremende Mbili", wimbo uliotikisa Kisumu nzima miaka minane nyuma: makofi, tari, kinanda chepesi, na sauti nyembamba ya msichana, tamu kama ya mtoto anayeruka kamba. Waweru, fundi wa redio, alishika kikombe asinywe. Makofi yale yalikuwa ya mikono yake.

— Rosa Peremende! — Ogola, dereva wa lori waliyemwita Gazeti, alipiga paja. — Yawa, huyo msichana alipotelea wapi?

— Aliolewa na rubani, — Badru akasema akimimina. — Wako Kongo.

— Rubani gani? Ni mwiba wa samaki, ngege, huko Usenge. Ulimkwama kooni, sauti ikaisha.

— Mwiba tu, Gazeti?

— Basi sikia. Walikuwa pacha! Mmoja anaimba, mwingine anapigwa picha. Ndio maana siku ile ya densi hapa Kisumu, yule wa picha alipanda jukwaani akanguruma kama mwanaume. Mimi nilikuwa hapo!

Badru alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Hakukuwa na pacha, — Waweru akasema.

Wakamgeukia. Miaka yote hiyo hakuwahi kulizungumzia jambo hilo.

— Nilikuwa naye studio, Nairobi. Rosa alikuwa na sauti nzito. Mwenye studio akasema hiyo ni ya mama wa kanisa, vijana hawatanunua. Tukapiga polepole, halafu mwenye studio akaongeza tepu mwendo, sauti ikapanda. Ikatoka hiyo mnasikia. Santuri sita, zote hivyo.

— Na densi? — Badru akauliza.

— Rosa alisema hapa ni kwao, ataimba na koo lake. Alipofungua mdomo tu, ukumbi mzima ukapiga kelele, "Huyu si Rosa! Tuletee Rosa!" Wakarusha chupa za soda. Mimi niko nyuma yake na tari. Ningeshika maikrofoni niseme ukweli. Sikusema.

— Kwa nini, Bwana Waweru?

— Niliahidiwa santuri yangu mwenyewe.

— Ilitoka?

— Haikutoka. Rosa alishuka jukwaani, akapita mbele yangu, akapanda basi la Busia asubuhi yake. Sijamwona tena.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja wa Asembo Bay, mgeni pale, amepumzisha kikapu chake cha omena, dagaa wa ziwani. Akauliza kwa upole:

— Na hiyo sauti yake yenyewe, ilikuwa namna gani?

Badru alimtazama Ogola.

— Sikuisikia vizuri, mama, — Ogola akasema, macho chini. — Nilikuwa napiga mbinja.

Wote wakamngoja Waweru. Aliweka kikombe chini, akafumba macho, akavuta pumzi kutoka tumboni alivyokuwa akifanya Rosa. Akaanza kuimba mstari wa kwanza. Kooni mwake ikatoka sauti ya juu, nyembamba, ya haraka, ile ya santuri. Akanyamaza. Akajaribu tena, taratibu zaidi.

Ikawa ile ile.