Nyumba ya Kuangalia Barabara

Ndani ya Probox ya abiria tuliyopanda kutoka Makindu kwenda Wote, kijana mmoja alijitambulisha kwa gari zima kuwa anaitwa Kyalo, na kwamba fundi anamngoja wapime msingi wa nyumba ya mama yake. Akamwonyesha mama wa makamo aliyeketi karibu naye picha ya nyumba hiyo kwenye simu. Mbele yote ilikuwa kioo, kutoka sakafuni hadi darini.

“Itaangalia wapi?” mama akauliza.

“Barabara, mama! Nyumba ya maana inaangalia barabara.”

“Na shamba liko upande gani?”

“Mkono wa kulia, hapo mbele.”

Mama akatazama kushoto, ambako jua la alasiri lilikuwa likishuka. “Basi jua litaingia bila hodi. Mimi nilijenga hivyo hivyo. Ikifika saa tisa tunahamia nyuma, tunakaa na kuku.”

“Nitaweka pazia.”

“Sasa kioo ni cha nini, kijana wangu?”

Gari zima lilicheka, hata dereva ambaye hakuulizwa. Kyalo hakutetereka. “Mama yangu ameishi kwa nyumba ya udongo, watu wakipita kama hayuko. Sasa lazima wamwone.”

“Watamwona akijipepea.”

 Mimi niliona wote wawili wamesema kweli.

“Dereva, nishushe hapo!” Kyalo akaita.

Fundi alikuwa ameshatandaza kamba. Kyalo akavuka barabara kifua mbele, akasimama pale mlango utakapokuwa, akageuka kutupungia. Mkono uliinuka vizuri, lakini ukaishia kwenye paji la uso, kukinga macho.