Meza Imevaa Sketi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Gundi, fundi viatu, kwa hiyo kahawa yetu hunukia soli. Wiki nzima nimemfundisha Gundi Kihispania kwa kitabu nilichoazima maktaba ya chuo ninakosomea sheria. Binti yake kaolewa mbali, na mjukuu wa miaka mitatu anajua lugha hiyo tu. Leo saa nne asubuhi wataonana kwenye simu kwa mara ya kwanza. Gundi amezoea kutia viatu alama za chaki, basi akaichorea meza sketi, kiatu suruali, na vingine vyote vivyo hivyo, maana kwa Kihispania kila kitu ni ama cha kike ama cha kiume. Balaa likaanzia hapo.

— Meza kuwa ya kike, nani aliichungulia? akauliza Spana, fundi baiskeli.

— La mesa, nikamjibu. Ndivyo walivyoipanga. Unakariri tu, haina sababu.

— Sababu ipo, Wakili, akasema Kiwembe, kinyozi, ambaye hajawahi kukosa sababu. Meza hubebeshwa kila kitu na hainung'uniki. Mkubwa jalala.

— Koma hapo hapo, kaka! nikamkatiza. Kwa hiyo sisi wanawake ni wa kubebeshwa? Gari je? El coche! Linabeba ukoo mzima, na ni la kiume!

— Gari linanguruma njia nzima, akasema Spana. Mwanaume huyo.

— Na mkono? La mano. Wa kike, hata huo wako uliojaa grisi.

Spana akaugeuza huku na huku.

— Ndiyo maana wenyewe unafanya kazi, mdomo unapiga soga.

— Mdomo nao wa kike. La boca.

— Ahaa! wakasema wote wawili, wakinitazama.

Nilijikaanga kwa mafuta yangu. Gundi hakucheka. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, akinong'ona: «El zapato, el zapato.» Kiatu, kiatu.

— Kiti je? akauliza Kiwembe.

— La silla. Cha kike.

— Basi meza na viti ni wake wenza! Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini viti sita hukaa meza moja. Mume wao ni sakafu.

Nilitaka kumrarua. Lakini sakafu ni ya kiume kweli, el suelo, na suruali ya chaki ya Gundi ilikuwa pale chini ikinisuta.

Mama mmoja aliyeleta ndara iliyokatika alikuwa amesimama, akitusikiliza.

— Samahani, wanangu. Na «mimi ni babu yako» wanasemaje?

Kiwembe akainamia kikombe. Spana akatazama angani. Mimi, ninayenyamazisha kumbi nzima chuoni, nikafungua kitabu. Familia iko ukurasa wa ishirini. Tulikwama wa tisa, tukibishana.

Simu ikaita.

Katoto kakatokea, kakaona uso mgeni, kakajificha begani kwa mama yake. Gundi akanyakua kiatu cha mteja chenye suruali ya chaki, akakiinua juu.

— El zapato!

Jicho moja likachungulia. Katoto kakacheka, kakavua kiatu chake, kakakigandisha kwenye kioo mpaka tukaona soli tupu.

— ¡Zapato!

Gundi akaisogelea ile soli, miwani ikigusa simu.

— Imelika upande wa ndani wa kisigino, akasema polepole. Anakanyaga kama mama yake.